Makindye, Miaka ya Nishani

Ukipanda Makindye kutoka Kibuye, mji unabaki mgongoni na ziwa linakujia usoni. Miaka ya 1970 mteremko wa upande wa Lukuli ulikuwa bado wa migomba na muhogo, nyumba za matofali ya kuchoma zimekaa mbalimbali, na asubuhi baada ya mvua tuliyaona maji ya ziwa hilo, Nalubaale, hadi Ggaba. Juu ya kilima ilikuwepo kambi ya polisi wa jeshi. Sisi watoto wa pale tulizijua njia zote za panya za kufika dukani na shuleni bila kupita mbele ya lango lake. Hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha. Mama alikuwa akitushika mkono na kukata kona, nasi tulipoanza kutembea peke yetu tukakata kona vilevile.

Nyumbani tulisema lugha mbili. Baba alikuwa Mhaya wa Bukoba, dereva wa lori aliyeingia Kampala kabla ya uhuru akaoa hapohapo. Mama alikuwa Mganda. Kiganda kilikuwa cha mama, cha jikoni na kanisani, na Kiswahili kilikuwa cha baba na cha redio. Agosti 1973 Serikali ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini kilimani kwetu kilikuwa tayari lugha ya kizuizini, ya "simama hapo" na "leta kitambulisho", na majirani wengi walipokisikia usiku walizima taa. Iliniuma tangu utotoni kwamba lugha aliyonibembelezea baba ndiyo iliyowatia watu hofu.

Ndani ya ua wa kambi kulikuwa na gereza. Leo habari zake zimeandikwa na waliotoka humo hai. Sandy Gall, mwandishi wa televisheni kutoka Uingereza, alifungwa humo Septemba 1972 pamoja na waandishi wenzake wa kigeni, akaja kusimulia aliyoyaona. Chumba kimoja wafungwa walikiita Singapore, mji alikokuwa Rais Milton Obote jeshi lilipompindua tarehe 25 Januari 1971. Mwezi huohuo wa Septemba 1972, tarehe 21, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa Mahakama Kuu mchana kweupe. Huyu ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, na raia wa kwanza wa Uganda kuwa Jaji Mkuu wa nchi. Kosa lake lilikuwa kuamuru Mwingereza mmoja aliyezuiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria aachiwe huru. Walioandika habari zake wengi wanasema aliuawa Makindye. Mwili wake haukupatikana.

Nilikuwa mdogo mno mwaka ule kuelewa Jaji Mkuu ni nani. Nilichoelewa ni kwamba watu wazima walianza kusema kwa sauti ya chini hata wakizungumzia bei ya ndizi.

Kwenye njia panda iliyo chini ya nyumba yetu alikaa fundi cherehani mmoja mwanamke. Alikuwa amezaa mapacha, kwa hiyo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alimwita Nalongo. Cherehani yake Singer ya kukanyaga ilikuwa barazani, na ukutani alikuwa amepigilia misumari ya kutundikia nguo zilizokwisha. Alishona gomesi za harusi, sare za shule, suruali za makarani na kanzu za Waislamu waliokwenda kuswali Kibuli. Kando ya cherehani palikuwa na daftari refu la jalada gumu, la aina wanayotumia wenye maduka. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake au nusu ukurasa: jina, kifua, mabega, kiuno, urefu wa mkono, urefu wa mguu. Nilipenda kukaa kwenye benchi lake baada ya shule kwa sababu alinipa vipande vya kitambaa na kuniachia nimsomee vipimo wakati anakata. "Soma polepole," alikuwa akiniambia kwa Kiganda, "mtu si kitambaa, ukimkosea humuungi."

Julai 1975 Kampala ilipakwa rangi. Wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikuwa wanakuja kwenye mkutano, na Idi Amin, jemadari aliyeitawala nchi tangu mapinduzi ya 1971, alikuwa anachukua uenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kuhudhuria. Kabla tu ya mkutano alipandishwa cheo na kuwa Field Marshal, na kwenye tafrija moja Waingereza wakazi wa Kampala walimbeba juu kwenye kiti mabegani mwao. Redio ilianza kumtaja kwa msururu wa vyeo uliokuwa mrefu kuliko habari yenyewe: Alhaji, Field Marshal, Daktari, kisha herufi VC, DSO, MC. Herufi hizo ni za nishani za Uingereza za ushujaa vitani. VC, yaani Victoria Cross, ilianzishwa mwaka 1856, nayo ndiyo ya juu kuliko zote. Baadhi ya walioipata waliipata wakiwa maiti. Amin hakupewa na yeyote. Alijitengenezea ya kwake, akaibandika kifuani.

Gazeti la Serikali, Voice of Uganda, lilitoa picha yake kubwa. Mjomba wangu aliileta kwa Nalongo, na nakumbuka mama yule alivyoiangalia kama fundi, akiifuata mishono kwa kidole. "Koti limeongezwa urefu," alisema. "Lisingeongezwa, chuma chote hiki kisingeenea. Na ona bega la kushoto linavyovutwa. Kitambaa hakijaumbwa kubeba uzito upande mmoja." Kisha alilikunja gazeti, akalirudisha, akaendelea kukanyaga cherehani. Sikumsikia tena akizungumzia nishani za mtu yeyote.

Mjomba huyo, ndugu yake mama, alikuwa amesoma Moscow, katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, miaka ile ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki walipelekwa huko. Alirudi na koti zito ambalo Kampala halikumfaa kitu, sanduku la vitabu, na picha ya Yuri Gagarin iliyokatwa kutoka kwenye jarida. Gagarin alikuwa na nyota ndogo kifuani, moja tu, imening'inia kwenye utepe mwekundu. Jioni, umeme ukikatika, mjomba alitusimulia habari ya nyota ile, nami nikawa namwomba arudie kama watoto wengine wanavyoomba hadithi za sungura.

Dola ya Kisovieti, alisema, ilikuwa na cheo kimoja cha heshima kilichopita vyote: Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Kiliwekwa Aprili 1934. Wa kwanza kukipata walikuwa marubani saba waliokwenda na ndege kwenye barafu ya kaskazini kuwaokoa watu wa meli ya Chelyuskin iliyopondwa na barafu ikazama. Hawakuua mtu. Walitua juu ya barafu inayopasuka, wakapakia watu, wakaruka, wakarudi tena. Nyota ya Dhahabu yenyewe ilikuja baadaye, mwaka 1939, na kila aliyeivaa alipewa pamoja nayo Nishani ya Lenin. Vita dhidi ya Hitler vilipokuja, cheo kilitolewa kwa maelfu: askari wa miguu, marubani, wanawake walioruka usiku na ndege za mbao kuyapiga mabomu majeshi ya Wajerumani, na msichana aliyeitwa Zoya Kosmodemyanskaya, aliyenyongwa na Wajerumani akiwa na miaka 18. Kwa jumla waliokipata hadi mwisho wa dola ile ni zaidi ya 12,000, wengi mno wao kutokana na vita hivyo.

Hata Waafrika walikipata. Mwaka 1964 kilipewa Ahmed Ben Bella wa Algeria, na Mei ya mwaka huohuo Nikita Khrushchev, alipokwenda Misri kwa shughuli za bwawa la Aswan, akampa Gamal Abdel Nasser pamoja na jemadari wake Abdel Hakim Amer. Mjomba alisema hata Moscow kwenyewe palikuwa na manung'uniko: nyota ya marubani wa barafu na ya wasichana walionyongwa imekuwaje zawadi ya kumkaribisha mgeni? Aliyasema hayo kwa uchungu, kwa kuwa alikipenda kile cheo. Mimi pia nilikipenda. Bado nakipenda kile cha mwanzo, cha wale saba.

Baadaye nilisoma kilichofuata. Leonid Brezhnev, aliyeitawala nchi ile tangu 1964, alipewa Nyota ya Shujaa mwaka 1966, akapewa tena 1976, 1978 na 1981, mara zote karibu na siku yake ya kuzaliwa. Akalingana na Georgy Zhukov, jemadari aliyeongoza majeshi hadi Berlin. Juu ya hayo alipewa Nishani ya Ushindi, iliyokuwa ya makamanda waliogeuza vita, na mwaka 1989, akiwa amekufa, ikafutwa. Simlinganishi Brezhnev na Amin kwa damu. Ninachosema ni kwamba nishani hufa siku ile mkono unaotoa na kifua kinachopokea vinapokuwa vya mtu mmoja, iwe ni Kremlin au Kampala.

Sasa nirudi barazani kwa Nalongo, maana huko ndiko nilikomwona shujaa kwa macho yangu.

Watu walikuwa wanapotea. Sitasema ni nani aliwachukua wa kwetu, kwa sababu magari hayakuwa na maandishi na waliokuwa ndani walivaa kiraia. Mtu alitoka kazini akaonekana anaingizwa kwenye gari, kiatu kimoja kikabaki barabarani. Baada ya hapo kimya. Mkewe alizunguka ofisi moja hadi nyingine hadi akaambiwa akiuliza tena atamfuata mumewe. Kisha mtu angekuja usiku kunong'ona kwamba kuna miili imetupwa msitu wa Namanve, kwenye barabara ya Jinja. Familia zilikwenda huko kutafuta, na mara nyingi uso haukutambulika tena. Kilichotambulika ni nguo.

Ndipo walipoanza kumjia Nalongo. Wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mama wa kijana wa posta. Alileta kipande cha shati, amekikata yeye mwenyewe kutoka kwenye mwili asioujua, akakiweka juu ya meza ya cherehani. Nalongo alikigeuza upande wa ndani. Alitazama jinsi kola ilivyopigwa, akahesabu mishono kwa ukucha, akafungua daftari. Mimi nilikuwa benchini. Alisema, "Si mkono wangu huu. Mwanao nilimshonea kola ya pande mbili. Nenda nyumbani, huyu si wako." Yule mama alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa kushukuru, huku akilia pia kwa ajili ya yule mama mwingine ambaye maiti ile ilikuwa ya mwanawe.

Tangu siku ile Nalongo alianza kutia alama. Ndani ya kola, pale ambapo macho hayafiki, alipiga mishono michache ya uzi wa rangi tofauti, na kila mteja alikuwa na mpangilio wake: miwili ya bluu na mmoja mweusi, mitatu ya kijani, msalaba mdogo wa njano. Alama hiyo aliichora kwenye daftari pembeni ya jina. Wateja walijua. Hakuna aliyeuliza kwa nini, hakuna aliyeongeza senti, na wanaume waliokuwa hawajawahi kushonewa na mwanamke walianza kuleta mashati yao ya dukani wapigiwe uzi. Kazi hiyo hakuitoza. Aliyopaswa kuogopa ni mengi: daftari lile, mtu mbaya akilikamata na kuelewa alama zake, lilikuwa ushahidi kwamba kuna mtu kilimani anayehesabu wafu. Usiku alilificha ndani ya gunia la vipande vya nguo.

Na alikwenda Namanve. Si kila mara, na hakwenda peke yake, lakini alikwenda na wanawake wa kilima, kapu la muhogo kichwani kama watu waendao sokoni, ili aangalie kola. Aliporudi hakusema alichokiona. Alinawa mikono muda mrefu kwa majivu, sabuni ikiwa haipatikani, kisha akaketi kwenye cherehani. Akiwa amemtambua mtu, jina lake alilipigia mstari chini na kuandika tarehe. Hakulikata. Nilimuuliza kwa nini hamkati kama anavyowakata wateja waliohama. Alinijibu, "Nikimkata, nani atajua alikuwa na mabega ya inchi kumi na nane?"

Serikali yenyewe iliunda tume mwaka 1974, chini ya Jaji Mohamed Saied, kuchunguza waliopotea tangu Januari 1971. Ilisikiliza mashahidi 545 na kuthibitisha visa 308 vya watu waliotoweka. Hebu fikiria ujasiri wa watu 545 kusimama na kutoa ushahidi wakati waliowachukua ndugu zao wangali na bunduki na magari. Hakuna aliyewapa nyota. Ripoti iliwekwa kabatini, na kazi ya kupoteza watu ikaendelea.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera, Tanzania, na Novemba mwanzoni redio ikatangaza kwamba ardhi yote hadi mto Kagera ni ya Uganda. Bukoba ya baba ilikuwa ng'ambo ya mto huo. Usiku ule baba alituita sebuleni akatuambia kwa Kiswahili cha taratibu kwamba kuanzia kesho Kiswahili chake kimekufa. Tukimsikia mtu anatuuliza kabila, sisi ni Waganda wa mama. Lori aliliacha, akakaa ndani. Miezi mitano baba yangu, mtu wa maneno mengi, aliishi kama bubu katika nyumba yake, kwa kuwa Kiganda chake kilikuwa na lafudhi ya Kihaya ambayo mtoto yeyote angeitambua.

Tulifuata vita kwa redio za nje, sauti ikiwa chini na blanketi juu. Masaka ilitekwa na majeshi ya Tanzania mwishoni mwa Februari 1979. Machi yakawa mapigano ya Lukaya, ambako Walibya waliotumwa kumsaidia Amin walishindwa. Kisha tukaanza kuisikia wenyewe mizinga ya mbali, ile roketi ya Kisovieti yenye mitutu mingi ambayo Kampala nzima iliiita saba saba. Mjomba alisema hiyo ni jamaa ya Katyusha, silaha ya wale wale aliotusimulia. Vifaru na ndege za Amin navyo vilikuwa vya Kisovieti. Wajukuu wa Zhukov walikuwa wameziuzia silaha pande zote mbili, na sisi tulilala chini ya vitanda.

Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 hatukulala. Kulipokucha hapakuwa na mtu langoni pa kambi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Mchana redio ilitoa sauti ya Luteni Kanali David Oyite-Ojok ikitangaza kwamba Amin ameangushwa. Kisha wakaja Watanzania. Waganda waliwaita bakomboozi. Walikuja kwa miguu, wamechakaa, nguo zimeliwa na jasho na vumbi la safari ya kutoka Mutukula, na jambo la kwanza walilotufanyia lilituacha midomo wazi: walitusalimu. Askari mwenye bunduki alimwambia mama yangu "shikamoo". Mama hakujua ajibu nini. Miaka minane mtu mwenye bunduki alikuwa hajamwamkia.

Mmoja wao, kijana mrefu, alisimama barazani kwa Nalongo na kuuliza kama anaweza kushonewa shati lililoraruka begani. Baba alitoka ndani. Alimsikiliza kidogo, kisha akamjibu kwa Kihaya. Yule kijana aligeuka kama aliyeitwa na mama yake. Walishikana mikono wakaitingisha bila kuachiana, wakaulizana vijiji na koo hadi wakapata ndoa iliyowaunganisha, na baba, aliyenyamaza miezi mitano, alisema bila kupumzika hadi jua lilipozama.

Nalongo alipiga kiraka. Kijana alipotaka kulipa, Nalongo alikataa, akamuuliza kupitia baba: ulikuja na wenzako wangapi? Alijibu kuwa rafiki yake waliyeingia naye jeshini aliachwa Lukaya, amezikwa kando ya barabara, na hajui kama mama yake amekwisha kuambiwa. Nalongo alifungua daftari ukurasa mpya. Aliandika jina la yule rafiki, kijiji chake na Lukaya. Mahali pa vipimo aliacha wazi.

Sisemi wakombozi wote walikuwa malaika. Wapo walioondoka na saa na redio za watu, na mwaka uliofuata Kampala ilikuwa na risasi kila usiku. Lakini kwa yale niliyoyaona kilimani kwetu mwezi ule wa Aprili, nina deni kwao hadi nife.

Tanzania ya Azimio la Arusha haikuwajaza askari wake nyota kifuani. Ilijenga makaburi ya Kaboya, wilaya ya Muleba, ambako wamezikwa wanajeshi waliokufa katika vita vile, na majina yao yameandikwa. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, taifa huwakumbuka. Uganda nayo ilimtunuku Mwalimu Nyerere, akiwa amekwisha kufariki, nishani ya Katonga, ya juu kabisa ya kijeshi. Kila tarehe 9 Juni tunaadhimisha Siku ya Mashujaa kwa kumkumbuka Edidian Luttamaguzi, aliyeuawa Luwero mwaka 1981 pamoja na wenzake kwa kukataa kuwataja wapiganaji wa msituni, na nishani hutolewa kwa orodha ndefu. Naiheshimu siku hiyo. Luttamaguzi hakuwa na bunduki. Alifunga mdomo, akafa. Huyo angefaa kukaa meza moja na marubani wa Chelyuskin.

Cheo cha Kisovieti chenyewe kilitolewa mara ya mwisho tarehe 24 Desemba 1991, kwa mzamiaji wa jeshi la majini aitwaye Leonid Solodkov. Siku mbili baadaye dola iliyokitoa haikuwepo tena. Majina yamebaki, maana Warusi waliyaandika na kuyatunza, moja moja, pamoja na kijiji alikozaliwa mtu na alichokifanya. Hilo ndilo ninalowaonea wivu. Sisi orodha ndefu tunazo za wanaotunukiwa, ila ya waliomezwa na kilima chetu sijawahi kuiona imebandikwa popote.

Nalongo alifariki wakati wa utawala wa pili wa Obote, miaka ile ya panda gari, watu walipokuwa wanazolewa mitaani kwa malori. Tume ya Jaji Arthur Oder, iliyoundwa 1986 kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu tangu uhuru, ilikuta ameshazikwa, na daftari lake halikufika mezani pa tume. Liko kwa bintiye. Jalada limeliwa na mchwa, kurasa za mwanzo zimeshikana kwa unyevu, lakini katikati unasoma vizuri: karani, mwalimu, fundi bomba, muuza kahawa, dereva teksi, kila mmoja na kifua chake, mabega yake, alama ya uzi wake, na waliopigiwa mstari wana tarehe. Tumelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na kwa ridhaa ya binti na ya familia tulizoweza kuzipata, nakala tunaipeleka maktaba ya Makerere.

Najua halikuwa peke yake. Makindye, Naguru, Nakasero, Luzira, Mbarara, Jinja, kote huko walikuwepo akina Nalongo: mapadri walioandika kwenye daftari za ubatizo, wauguzi walioandika nyuma ya kadi, wake walioandika kwenye ukurasa wa mwisho wa Biblia au wa msahafu. Kama una karatasi ya namna hiyo nyumbani, itoe leo sandukuni. Mwulize mzee aliyebaki, angali anakumbuka. Andika jina kamili, kazi yake, mwaka, mahali alipoonekana mara ya mwisho na nguo alizovaa, ukaipeleke palipo na watunza kumbukumbu, Makerere au kwingineko, ipokelewe kwa saini yako.